Kompyuta Ikigoma Kuiona Diski Yako, Usikimbilie Kufomati

Usiku mmoja nilichomeka diski ya nje iliyobeba picha za miaka 11, nikasubiri. Kimya. Kitaa chake cha buluu kilimeta mara mbili kikazima, na nilipoisogeza karibu na sikio nikasikia tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Tumbo lilinikata. Humo ndimo zilimokuwa picha pekee za marehemu mama akiwa amempakata mwanangu wa kwanza. Nilihangaika kwa muda wa karibu saa tatu: nikafuta draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa), nikapakua nyingine, nikawasha kompyuta upya sijui mara ngapi. Kumbe tatizo halikuwa kwenye kompyuta wala kwenye diski. Lilikuwa kwenye waya.

Tangu hapo, mtu akiniambia kompyuta yake haioni flashi au simu, namuuliza kwanza: imeshtuka hata kidogo ulipochomeka? Maana kompyuta isiyojua kabisa kwamba kuna kitu kimechomekwa ina ugonjwa mmoja, na inayokihisi kifaa lakini ikashindwa kukifungua ina mwingine. Ukianza na dawa isiyo yake, utakesha.

Kulijua hilo ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa ambavyo kompyuta imevihisi, uiache wazi mbele yako. Chomoa kifaa, kisha kichomeke tena huku macho yako yakiwa kwenye orodha. Orodha ikicheza, kompyuta imekihisi. Kwa wanaotumia Linux, amri ya lsusb kabla na baada ya kuchomeka itakuonyesha kama kuna mstari umeongezeka. Halafu kijaribu kifaa hicho kwenye kompyuta nyingine kabla hujagusa draiva yoyote. Ningelifanya hivyo usiku ule, na kwa waya uleule, ningejua mapema kwamba kompyuta yangu haina kosa.

Orodha isipocheza, anza na waya. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Ziko nyaya za chaji zilizotengenezwa na zile mbili za umeme tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Simu inapata chaji vizuri, wewe unaapa kwamba waya ni mzima, kumbe hakuna njia ya data kabisa. (Na simu ya Android, hata kwa waya mzuri, huwa inakaa kwenye kuchaji tu mpaka uifungue, ushushe arifa kutoka juu, na uchague kuhamisha faili.)

Linalofuata ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya nje yenye sahani zinazozunguka huhitaji nguvu nyingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, na waya mrefu mwembamba hupunguza nguvu hiyo njiani. Ile tik tik yangu ilikuwa ni mota inajaribu kuamka na kushindwa. Nilipotoa waya mfupi mnene uliokuja na diski na kuuchomeka, niliisikia ikianza kuvuma taratibu, kisha kitaa kikawaka na kubaki kimewaka.

Lakini tafadhali sana: ukishabadilisha waya, ukahamia tundu jingine, na diski bado inagonga, izime na uiache. Mlio huo unaweza pia kuwa wa kichwa cha kusomea kilichoharibika, na kila unapoiwasha unaweza kuzidi kuiumiza. Hapo ni kazi ya fundi wa kuokoa data.

Kama una kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Yale yameunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, ilhali ya mbele hupitia waya wa ndani ambao huweza kulegea. Kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake mwenyewe kiweke kando kwanza. Angalia pia ndani ya tundu kwa tochi, maana vumbi hujibana humo.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Kwenye Windows 10 na 11, ukichagua Shut down, mara nyingi kompyuta haizimi kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili iwake haraka kesho. Kwa hiyo hitilafu ya USB inaweza kulala nayo na kuamka nayo. Chagua Restart.

Sasa, ikiwa orodha imecheza lakini ikaandika Unknown USB Device, maana yake kompyuta imeuliza kifaa "wewe nani?" na haikupata jibu la kueleweka. Waya bado ni mshukiwa. Ukishaubadilisha na hali ni ileile, bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia, chagua Uninstall device, chomoa, fanya Restart, uchomeke upya.

Na ikiwa diski inaonekana Device Manager lakini haipo pale unapofungulia faili, bonyeza tena Windows pamoja na X, ufungue Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Pengine imekosa herufi tu, ile kama D: au E: ambayo Windows huitambulia diski. Ipe moja isiyotumika. Ila Windows ikikwambia ni lazima uifomati, yaani uifute na kuiandaa upya, kabla ya kuitumia, bofya Cancel. Ujumbe huo hautoki tu kwa diski iliyoharibika. Diski iliyoandaliwa kwa Linux au Mac inaweza kuuleta ikiwa nzima kabisa, kwa sababu Windows haiwezi kuisoma. Hata ikiwa mpangilio wake umeharibika kweli, mara nyingi faili bado zimo. TestDisk na PhotoRec ni programu za bure zinazoweza kuzitoa, mradi unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine. Na chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, isubiri mpaka umeshatoa vitu vyako, kwani kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa diski, hata kama faili zako zitaumia.

Usiku ule sikulala mpaka picha zote zilipokuwa zimenakiliwa kwenye diski ya pili. Kisha nikachukua mkasi, nikaukata ule waya mwembamba vipande viwili.