Safari ya miezi sita na begi mgongoni: je, ujumbe wa simu unatosha kuunga undugu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, sijaoa. Nimejiwekea akiba nisafiri kwa nchi kavu hadi Cape Town na begi la mgongoni, nikipitia Zambia, Botswana na Namibia, kiasi cha miezi sita. Baba ameshafariki. Mama yupo, ila presha inamsumbua. Anaishi na mdogo wangu, na dada yangu mkubwa yuko mtaa wa pili. Mama anatumia kitochi. Je, nahitaji idhini yake? Ujumbe wa simu unahesabika kuwa nimeunga undugu? Kule Namibia nitatembea bondeni siku tano hakuna mtandao, nitapata dhambi? Na baba mdogo wa Muheza, ambaye tangu mirathi ya baba hapokei simu zangu, nimfanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Bismillah.

Tuanze na idhini. Wanazuoni wamesema safari yenye hatari ya wazi haiendwi bila ridhaa ya wazazi. Safari ya amani ya elimu au biashara, wengi wameiruhusu hata bila idhini, mradi mzazi hana haja na huyo msafiri. Yako si elimu wala biashara, ni ya kutembea na kuona ardhi ya Allah. Ni halali, lakini haina uzito wa kumpita mama mwenye presha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alijiwa na mtu akitaka kwenda jihadi, akamuuliza: "Wazazi wako wako hai?" Akasema ndiyo. Akamwambia: "Basi fanya jihadi kwao." Imepokewa na Bukhari na Muslim katika vitabu vyao vya hadithi. Kwa hiyo mwombe idhini, na umwombe ukiwa umeshapanga nani atampeleka kliniki na fedha ya dawa iko wapi. Fedha ya miezi sita iache kwa dada kabla hujaondoka. Usitegemee kutuma ukiwa njiani, maana pesa za simu zimefungwa na laini ya nyumbani, na laini hiyo ikipotea Lusaka utakwama mwezi mzima.

Mama akikataa, usiende. Akisema "nenda" huku machozi yanamtoka, kaa naye siku mbili tatu umuulize tena.

Sasa undugu. Sheria haikuweka idadi ya simu wala ya barua. Imam Nawawi ameeleza kuwa kuunga undugu ni kuwatendea wema jamaa kwa kadiri ya hali ya anayeunga na anayeungwa: mara kwa mali, mara kwa kuhudumia, mara kwa kuzuru na kutoa salamu. Qadhi Iyadh akasema una daraja, na ya chini kabisa ni kusemeshana na kuacha kususana, hata kwa salamu tu. Basi ujumbe unahesabika, na ujumbe wa sauti unahesabika zaidi kwa sababu mzee anasikia pumzi yako. Lakini wa kuhesabika ni ule uliomwelekea mtu kwa jina lake. Kuweka picha ya maporomoko ya Victoria kwenye stetasi ya WhatsApp si kuunga undugu. Watu mia mbili wameona kuwa uko hai, na hakuna hata mmoja uliyemsalimia. Mama ndiye atakayeumia zaidi, akiambiwa na jirani: "Mwanao nimemwona leo yuko kwenye daraja," naye hajasikia sauti yako wiki mbili.

Na kwa kuwa mama ana kitochi, ujumbe wa sauti haumfikii isipokuwa kwa simu ya dada. Hapo ndipo mipango mingi inapoharibika: unapiga, dada yuko sokoni, unatuma, anausikiliza mwenyewe, anasahau. Weka miadi. Kwa mfano kila Jumatatu na Ijumaa baada ya Isha, dada awe kwa mama na simu yenye bando. Miadi ifuate saa ya mama. Zambia, Botswana, Namibia na Afrika Kusini wako nyuma yetu saa moja, hivyo saa tatu usiku ya Tanga ni saa mbili usiku ya Windhoek. Ukikosea hapo utapiga saa nne wakati ameshalala, na simu ya usiku kwa mwenye presha si jambo dogo.

Usimwahidi kupiga kila siku. Najua ndilo neno linaloruka mdomoni stendi ya basi, lakini Allah amesema: "Na timizeni ahadi, hakika ahadi itaulizwa" (17:34). Ukiahidi kila siku ukakosa moja, mama halali. Ukiahidi mara mbili kwa wiki ukatimiza, analala siku tano nyingine zote.

Laini utabadilisha kila nchi, na utasajiliwa kwa pasipoti. WhatsApp iache kwenye namba ya Tanzania. Inaendelea kufanya kazi hata kama laini yenyewe haimo ndani ya simu, bora usiguse pale inapouliza kama unataka kubadili namba. Washa na ile namba ya siri ya tarakimu sita. Laini ya nyumbani iwekwe tundu la pili, iwashwe mara moja moja, kwani laini ikikaa kimya miezi mingi kampuni huifunga na namba ikapewa mtu mwingine. Halafu kubalianeni neno la siri la nyumbani. Matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanapenda sana nyumba yenye mtoto safarini. Yeyote atakayejiita wewe kwa namba ngeni na kuomba pesa, aulizwe neno hilo kwanza.

Zile siku tano bondeni. Bila shaka ni Fish River Canyon, kutoka Hobas hadi Ai-Ais, kilomita 85 hivi, ambako njia hufunguliwa 1 Mei na kufungwa 15 Septemba kwa sababu ya joto na mafuriko. Huna dhambi kwa kukosa mtandao. Allah haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Dhambi inaweza kuingia kwa mlango mwingine, nao ni kuwaacha wakiwa na hofu uliyoweza kuiondoa. Kabla ya kushuka mwambie dada siku unayoingia, siku unayotarajia kutoka, na siku ya kuanza kuhangaika, ambayo iwe siku moja baada ya kutarajiwa, si saa mbili baada yake. Mwachie karatasi yenye njia, majina ya wenzako, namba ya ofisi ya hifadhi, nakala ya pasipoti, na namba za balozi zetu Lusaka na Pretoria. Simu iweke hali ya ndege, maana ikitafuta mtandao usiokuwapo inamaliza chaji kwa siku moja. Usiku ilale nawe ndani ya blanketi, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai kule hula betri.

Watawala wa hifadhi hawaruhusu kundi la chini ya watu watatu. Sisi tulifundishwa hilo zamani: "Mpanda mmoja ni shetani, wapanda wawili ni mashetani wawili, na watatu ndio msafara" (Abu Daud na Tirmidhi). Na mkiwa watatu, mteueni kiongozi.

Ukiugua, usimwambie mama uongo. Dada apewe habari kamili, mama apewe iliyo kweli na fupi: "Nilikuwa na homa, nimepata dawa, naendelea vizuri." Habari iliyofichwa humfikia ikiwa imekua.

Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, wazazi wake wote hai, na amesimulia kuwa kuwaacha kulimwelemea. Alifika hadi Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipoambiwa kuwa baba yake alikwisha kufa miaka 15 iliyopita. Mwaka uliofuata, akiwa njiani kurejea, akapata habari kuwa mama naye amekufa kwa tauni. Yeye hakuwa na njia ya kupiga. Nakutajia kwa sababu wengi wanaomsifu hawafiki kwenye kurasa hizo.

Baba mdogo. Mtume amesema: "Muungaji si yule anayelipa alichotendewa, muungaji ni yule ambaye undugu wake ukikatwa huuunga" (Bukhari). Muheza si mbali, basi nenda kwa miguu yako kabla ya safari. Simu ni ya aliye mbali, haifuti ziara kwa aliye karibu. Usizungumzie mirathi siku hiyo. Mwambie unasafiri, umwombe dua na radhi. Asipofungua mlango, acha salamu kwa watoto wake. Ukiwa njiani mtumie salamu siku ya Idd, na akifikwa na msiba au ugonjwa. Usihesabu tiki za bluu.

Marafiki hawana hukumu ya rahimu, yaani undugu wa damu, na kundi moja la WhatsApp linawatosha. Isipokuwa marafiki wa marehemu baba yako: Muslim amepokea kuwa katika wema mkubwa ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake. Ukiwa na mzee wa aina hiyo, mpigie yeye peke yake.

(Ungekuwa na mke, jibu lingekuwa jingine. Sayyidna Umar aliwawekea askari muda wa kurudi kwa wake zao kwa sababu mke ana haki isiyolipwa kwa simu.)

Ukirudi, usimshtukize mama. Mtume alikataza msafiri kuingia kwa watu wake usiku ghafla, na wanazuoni wakasema akishawapa habari, zuio limeondoka. Basi ukivuka Tunduma, mpigie umwambie siku na saa utakayofika, na gari likichelewa mpigie tena.

Wallahu aalam.