Kabla hujamtoa mtoto shuleni

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama unaweza kumtoa mwanao shuleni katikati ya muhula umfundishe nyumbani, na kama chuo kikuu kitampokea baadaye.

La kwanza linategemea unapoishi. Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake. Ufaransa tangu 2022 unaomba kibali. Ujerumani ni marufuku, isipokuwa kwa nadra sana. Basi usimtoe kwanza ndipo uulize: akihesabiwa mtoro, kesi ni yako. Andika barua, dai jibu la maandishi, tunza nakala.

La pili ndilo hukwamisha wengi. Chuo kinataka cheti. Tafuta mapema kituo kinachopokea watahiniwa wa kujitegemea, na uliza hasa kuhusu mitihani ya vitendo ya sayansi, maana baadhi ya vituo havitaki wageni maabara. Weka faili: madaftari yenye tarehe, orodha ya vitabu, insha alizosahihishiwa.

Sheria ikiwabana, wazazi nendeni pamoja kwa mbunge na hoja zilizoandikwa (kelele za mtandaoni tumeshazizoea).

Ukiletewa hati ya wito, au mliyezaa naye akipinga, muone wakili kabla hujajibu chochote.