Ukienda Cinque Terre, Ipe Bahari Mgongo

Mara ya kwanza nilivipitia vijiji vyote vitano vya Cinque Terre, Italia, kwa siku moja: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola, Riomaggiore. Nashuka kwenye treni, napiga picha za nyumba za rangi, nakimbilia treni inayofuata. Jioni nilirudi mji wa La Spezia hoi, simu imejaa picha, na ungeniuliza watu wa pale waliishije karne zote hizo ningekosa la kukujibu.

Mwaka uliofuata nilikaa siku tatu na kupanda mlimani. Nakushauri uanzie hapo.

Pwani hii ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu haina tambarare. Mlima unaporomoka moja kwa moja hadi majini. Kwa muda wa miaka kama elfu moja wakulima waliukata mteremko ule kuwa matuta, kila tuta likazuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Nimekulia Lushoto, matuta nayajua, lakini haya yalininyamazisha. Saruji iliachwa makusudi: maji ya mvua hupenya katikati ya mawe, ukuta usielemewe. Juu yake ni mizabibu, na zabibu zikiiva hubebwa kwa vigari vinavyotambaa juu ya reli moja, maana mteremko ni mkali mno. UNESCO ilipoitambua sehemu hii kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, ilitazama kazi hiyo ya mikono pamoja na uzuri wa bahari.

Ukuta wa namna hii unataka mwenyewe awepo. Jiwe likichomoka lisiporudishwa mapema, tuta zima hufuata. Mwaka 1869 karakana kubwa ya jeshi la wanamaji ilifunguliwa La Spezia, miaka michache baadaye reli ikapita, na wanaume wakaanza kushuka kutafuta mshahara. Mashamba mengi yakaachwa. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ya ajabu iliipiga Vernazza na Monterosso; matope na mawe yakafunika mitaa, watu wakafa. Mvua ile ingeleta madhara kwa vyovyote, lakini mteremko ulioachwa bila mtunzaji uliyazidisha.

Kwa hiyo nenda Mei au Septemba, Agosti watu ni wengi kupita kiasi. Vuli uliza kila asubuhi kama njia ziko wazi, na ukiambiwa zimefungwa, tii. Vaa viatu vya kufunika mguu. Ndala kwenye njia za mlimani zina faini. Usikae juu ya ukuta, usichukue jiwe la kumbukumbu. Corniglia iko juu ya jabali, na kutoka kituoni kuna ngazi zaidi ya 370. Ukiwa na mzee, panda naye basi dogo. Nunua kwa wenyeji: dagaa wa chumvi wa Monterosso, au pesto, mchuzi mzito unaotwangwa kwa majani ya mrehani. Harufu ile ilinirudisha uani kwa bibi.

Njia niliyoipenda kuliko zote: panda basi kutoka Manarola hadi kijiji cha Volastra asubuhi na mapema, kisha tembea kupitia mashamba ya mizabibu hadi Corniglia. Nilimkuta mzee mmoja akijenga ukuta uliobomoka. Aliinua jiwe, akalijaribu, akaligeuza, akalitoa, akachukua jingine. Nilisimama karibu nusu saa, na katika muda huo alipanga mawe manne.