Daktari mpya wa kijijini, muulize mgonjwa anakotoka

Kama ajira imekuangukia Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo au ng'ambo ya pili kule Meru, hongera, na karibu sana. Nimekuwa daktari wa kituo cha afya huku mlimani Kilimanjaro kwa miaka kadhaa, na vijana wanaotufikia kutoka intaniship huwa wanaanza na swali lilelile: vipimo gani vipo? Nawaelewa. Mtu aliyezoea hospitali ya rufaa, ambako picha ya kifua na damu kamili vinapatikana ndani ya saa moja, akifika mahali penye mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), sukari, mkojo, wingi wa damu na vipimo vingine vichache, anajiona amenyang'anywa silaha. Nawaomba waanze na swali jingine, wamuulize mgonjwa: unakaa wapi, unafanya kazi gani, nyumbani uko na nani? Huku majibu ya maswali hayo yanaokoa watu, na nitaeleza kwa nini nalishikilia jambo hili kuliko mengine yote.

Chukua homa. Mkaazi wa Uru au Kibosho juu ambaye hajashuka popote, malaria kwake ni nadra kwa sababu baridi ya mlimani haimpi mbu nafasi. Lakini Wachaga wengi wana kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, huko juu na shamba la mahindi tambarare. Masika yakianza mtu anashuka, analala huko kwenye kibanda wiki mbili akilima, kisha anarudi nyumbani na homa. Mwingine anafanya kibarua kwenye mpunga wa Chekereni au miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, huko huko tambarare. Kwenye daftari wote wameandikwa kijiji kimoja, ila wiki mbili zilizopita hawakulala mahali pamoja. Kwa hiyo usiulize tu "unatoka wapi", uliza "umelala wapi mwezi huu".

Pima kila mwenye homa, hilo halina mjadala. Tatizo linaanza kipimo kikisema hakuna malaria, daktari naye akaandika dawa mseto ya malaria "kwa usalama". Utafiti uliofanyika Moshi kati ya 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulionyesha kwamba asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, lakini malaria iliyothibitika ilikuwa asilimia 1.6 tu. Takriban robo ya waliofanyiwa vipimo vya magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Ningependa kila daktari anayepangiwa huku azijue takwimu hizo kabla hajafungua begi lake. Ng'ombe wa Mchaga anafugwa zizini hatua chache kutoka jikoni, mbuzi analala karibu na watoto, na ukivuka kwenda Longido au Monduli maziwa mabichi ni chakula cha kila siku.

Basi uliza kama kuna mnyama aliyetupa mimba nyumbani, na nani alimzalisha kwa mikono mitupu. Uliza kama maziwa yanachemshwa. Baba mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na kiuno kinachomuuma kwa mwezi mzima, ambaye ameshakula dozi tatu za dawa mseto kutoka duka la dawa, mfikirie brusela mapema. Tiba yake ni dawa mbili kwa pamoja na huchukua wiki 6, na usipomweleza hilo kwa utulivu ataacha wiki ya pili akishapata nafuu. Namba ya afisa mifugo wa kata iwe kwenye simu yako kama ilivyo ya mfamasia. Mnamhudumia mtu yuleyule, mmoja kwa upande wa zizi na mwingine kwa upande wa nyumba.

Ukipangiwa Meru, jambo la kuongeza kwenye maswali yako ni maji. Maeneo mengi ya huko maji yana floraidi nyingi. Utayaona meno ya kahawia kwa watu wazima na watoto, na pengine miguu iliyopinda. Jua ni chemchemi ipi na kisima kipi kinatumika.

Presha na kisukari ndiyo kazi yako ya kila siku, na ndipo wengi wanapochoka na wagonjwa. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye presha yake iligoma kabisa kushuka. Dawa anameza, chumvi anaapa amepunguza, na mjukuu wake anathibitisha. Nilikuwa nafikiria kumwongezea dawa ya tatu. Nesi wetu, mzaliwa wa kata hiyohiyo, akavuta kiti, akamwamkia kwa Kichaga, akaanza kumuuliza anapika nini jioni. Bibi akataja kiburu cha ndizi na maharage, akataja makande. Nesi akauliza, "Na magadi unaweka?" Bibi akashangaa: "Magadi naweka, mwanangu. Ulisema chumvi." Magadi yana sodiamu nyingi, na yeye alikuwa anayatia karibu kila siku ili maharage yaive upesi kwa sababu kuni ni ghali. Tukakubaliana aloweke maharage usiku kucha na kumwaga yale maji. Presha ilianza kushuka bila dawa ya tatu. Tangu siku hiyo magadi yamo kwenye maswali yangu, na kuni pia.

Halafu omba mfuko wa dawa. Usikubali kuambiwa "nameza ile nyeupe". Mwambie aje na mfuko wote, umwage mezani, mhesabu pamoja. Desemba watoto wanarudi kutoka Dar na Nairobi kula sikukuu nyumbani, na kila mmoja anamletea mama dawa ya presha. Januari utakuta mzee anameza amlodipini ya kituo asubuhi na amlodipini hiyohiyo yenye jina jingine la kiwandani usiku, miguu imevimba, na ndugu wameshaanza kusema ni figo. Mwingine anameza siku anapoumwa kichwa tu. Usimgombeze. Mtu wa miaka 70 aliyetembea saa mbili kushuka mteremko, akikaripiwa mbele ya wengine, harudi tena. Anza na shikamoo, muulize habari za nyumbani, subiri ajibu. Dakika hizo mbili ni sehemu ya matibabu.

Kuhusu rufaa nina msimamo mkali kidogo: amua mapema. Kituo chenye chumba cha upasuaji kinaweza kumzalisha mama kwa operesheni, lakini damu ikiwa haipo, au daktari wa usingizi amesafiri, saa unayopoteza kusubiri huipati tena. Wakati wa masika hesabu na tope, maana njia ya nusu saa inaweza kula saa mbili. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua, na kwa mtoto mchanga, piga 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, mara tu unapoanza kuwa na shaka. Dozi ya kwanza aipate kabla hajapanda gari, iwe ya kifafa cha mimba au ya kutokwa na damu. Mpigie daktari anayempokea katika hospitali ya Mawenzi, Mount Meru au KCMC, na kwenye barua andika ulichompa na saa uliyompa. Nimepokea simu za shukrani kwa sababu ya mstari huo mmoja wenye saa.

Na ongea na familia. Mara nyingi anayeamua ni baba mkwe au kaka mkubwa aliyeko mjini, naye anataka kusikia sauti ya daktari mwenyewe. Mpigie. Mweleze kwa maneno mepesi, mwambie ndugu wa kutoa damu waje. Ukimwachia nesi kazi hiyo, utakuta gari linaunguruma nje na kikao cha familia bado hakijaisha.

Makaratasi ya MTUHA (taarifa za huduma za kituo), maombi ya dawa MSD (Bohari ya Dawa), vikao vya kamati ya kituo, utajifunza. Yanachosha lakini hayana siri kubwa. Ila oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa na damu baada ya kujifungua, ikae kwenye friji wakati wote, na umeme ukikatika ujue mapema nani anaifuatilia.

Kinachowaelemea wengi ni maisha baada ya saa za kazi. Utakutana na wagonjwa wako kanisani, msikitini, kwenye bodaboda, siku ya gulio. Mama anayehudhuria CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU, ukimkuta anauza ndizi, msalimie kama unavyomsalimia muuza nyanya wa pembeni yake, basi. Wapo wanaopita kituo chetu na kwenda mbali kuchukua dawa kwa sababu wanaogopa macho ya majirani. Wakiona daktari anafunga mdomo, watarudi polepole. Mkungu wa ndizi wa mtu aliyepona pokea, mgawane na wenzako wa zamu. Pesa usiguse, hata ya soda.

Wiki yako ya kwanza, mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii akutembeze siku moja nzima kwenye vitongoji, hadi nyumba ya mwisho juu na shamba la mwisho chini. Vaa viatu vya kupandia, beba mashine ya presha, na mpitie kwanza mwenyekiti wa kitongoji ili ajue mgeni ni nani.