Usianze na Kapeti: Kwa Mnaoingia Kwenye Kazi ya Sauti na Mtetemo wa Magari

Gari la kwanza nililopewa nitafute mvumo lilinipiga chenga siku tatu. Lilikuwa la abiria saba, limeshatumika. Likifika kilomita 80 kwa saa, sakafu inavuma hadi unahisi kwenye meno. Mimi ndio kwanza nimetoka chuo, nikang'oa viti, nikatandika mikeka ya lami ya kuzuia kelele sakafu nzima, nikarudisha viti. Gari likaongezeka uzito, mvumo ukabaki palepale.

Siku ya tatu fundi mmoja mtu mzima akaingia uvunguni na tochi, akatoka anacheka. "Bwana mdogo, njoo uchungulie." Ekzosi ilikuwa imefungwa kwa waya wa nondo. Raba mbili za kuitundika zilishakatika zamani, na aliyelitengeneza kabla yetu akaona waya ni imara zaidi.

Uimara wenyewe ndio uliokuwa ugonjwa. Kwa mwendo ule injini ilizunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani 40 kwa sekunde. Injini ya silinda nne huwasha silinda mbili kila mzunguko, kwa hiyo ni mapigo 80 kwa sekunde, na waya ule uliyapeleka yote sakafuni bila kupunguza hata moja. Aliyesanifu gari hakuzitundika raba zile popote tu. Bomba refu likitetemeka lina sehemu zinazoruka sana na sehemu zinazotulia karibu kabisa, na raba huwekwa pale palipotulia. Ukiona raba kwenye gari, jua kuna mtu alikaa mezani akaipigia hesabu.

Basi, kabla ya kushika spana, hesabu. Tairi la kawaida la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Usukani ukitetemeka kwa kasi hiyo, anza na balansi ya tairi na rimu, injini iache kwanza. Programu ya bure ya kupima mtetemo kwenye simu inatosha kukuonyesha kama ni 14 au 80. Na mwenye gari muombe auige mlio kwa mdomo. Ataona haya kidogo, lakini "vuuu" na "tatata" ni magonjwa mawili tofauti.

Nawaomba mzielewe mauntingi, zile raba zinazobeba injini, kuliko kitu kingine chochote. Gari limesimama, injini inazunguka mara 750 kwa dakika: mapigo 25 kwa sekunde. Tuseme raba zimechaguliwa laini kiasi kwamba injini ukiitikisa inacheza yenyewe mara 10 kwa sekunde. Raba huanza kuzuia mtetemo pale tu mapigo yanapozidi mchezo huo wa asili kwa mara 1.4 hivi. Hapa ni mara mbili na nusu, abiria anasinzia. Sasa mtu anafunga raba ya bei rahisi iliyo ngumu mara nne. Mchezo wa asili unapanda mara mbili, unafika 20. Gawa 25 kwa 20, unapata 1.25. Raba hiyo haizuii tena, inaongeza! Mteja anafurahi kwamba injini haichezi, halafu wiki ijayo anarudi kulalamika kwamba kioo cha kati kinatetemeka hadi hakionyeshi kitu kwenye foleni.

Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, nazo huwachanganya wengi. Vyanzo viwili vyenye desibeli 70 kila kimoja havitoi 140, vinatoa 73. Maana yake ukikiziba kimoja umepunguza 3 tu, na mteja atakuuliza umefanya nini siku nzima. Tena ukuta kati ya injini na abiria ukiwa na uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake, hata ukiujenga kwa chuma cha kifaru hautapunguza zaidi ya desibeli 20. Tafuta kizibo cha raba kilichodondoka pale nyaya zinapopita kabla ya kwenda dukani kununua sponji.

Magari ya umeme hayajatupunguzia kazi. Injini ilikuwa inafunika mengi. Ikiondoka, unasikia upepo kwenye vioo, gia zinazolia kwa sauti nyembamba, na hewa iliyofungwa ndani ya tairi ikivuma kwenye hezi 200 hivi, yaani mara 200 kwa sekunde. Baadhi ya tairi zimegundishwa sponji kwa ndani kwa ajili hiyo, kwa hiyo ukifungua tairi ukaikuta usiibandue ukidhani ni uchafu. Na ajabu ni kwamba Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti likienda chini ya kilomita 20 kwa saa, ili mwenda kwa miguu asigongwe na kitu asichokisikia. Miaka yote tunapunguza, sasa kuna wenzetu wanalipwa kutunga kelele.

Lile gari tulilifunga raba mbili mpya, kazi ya nusu saa. Mikeka yangu ya lami iko sakafuni hadi leo, maana kuibandua ni kazi kuliko kuitandika, na mwenyewe alikataa kuilipia.