Mwanangu wa miezi 5 ana ngozi kavu inayomwasha usiku kucha: nimpake nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miezi 5, tunaishi Makambako, mkoani Njombe. Tangu alipofikisha miezi 3 mashavu yake yamekuwa makavu na yenye magamba, kisha vipele vikasambaa kwenye mikono na miguu, upande wa nje. Baridi ya Juni ilipoanza hali ilizidi, na sasa usiku anasugua uso begani kwangu mpaka nguo inalowa majimaji yanayotoka shavuni. Baba yake ana pumu tangu utotoni. Ninamwogesha mara 2 kwa siku kwa sabuni ya kuua vijidudu na kumpaka mafuta ya watoto yenye harufu nzuri. Mama mkwe ameniagiza niache mayai, samaki na karanga kwa kuwa ninanyonyesha. Jirani alinipa tyubu ya duka la dawa. Siku 3 za kwanza ngozi ilipona kabisa, nilipoacha ikarudi vibaya zaidi. Nifanye nini, na je, ugonjwa huu utaisha?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa kukesha. Umeeleza mambo ambayo wazazi wengi husahau kuyataja: umri ambao shida ilianza, upande wa mikono na miguu ulioathirika, pumu ya baba, na hasa ile tyubu. Kwa maelezo hayo, kinachoelekea kumsumbua mwanao ni ukurutu wa utotoni, ambao wengi wetu tunauita pumu ya ngozi. Jina hilo la pili lina sababu yake, kwa kuwa ukurutu, pumu ya kifua na mafua ya mzio hufuatana katika familia zilezile, ingawa si lazima mtoto mwenye ngozi ya namna hii aje kupata pumu. Ugonjwa huu hauambukizi. Kwa mtoto mchanga hushika mashavu, kichwa na upande wa nje wa mikono na miguu, na mara nyingi huliacha salama eneo linalofunikwa na nepi. Akishakuwa mkubwa kidogo huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Katika ngozi nyeusi usitafute ule wekundu unaoonekana kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Tafuta ngozi iliyopauka kama imenyunyiziwa majivu, sehemu zilizokoza kuwa kahawia au zambarau, na vipele vidogo ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona.

Kwanza, hata hivyo, uangalie jambo moja. Ikiwa wewe, baba au watoto wengine wa nyumbani mnajikuna usiku, au ikiwa mtoto ana vipele kwenye viganja na nyayo, huenda huo ni upele unaoletwa na kidudu kinachochimba ngozini, na tiba yake ni nyingine kabisa, kwani hutibiwa nyumba nzima kwa wakati mmoja. Nimeona watoto waliopakwa dawa ya ukurutu kwa miezi huku kidudu kikizidi kuzaana.

Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali, ambapo chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Kwa mtoto mwenye ukurutu ukuta huo una nyufa. Maji yaliyo ndani hutoka kwa urahisi, ngozi ikakauka. Na vitu vya nje, kama sabuni, manukato, vumbi na bakteria, hupenya na kuamsha kinga ya mwili, ambayo huleta uvimbe na mwasho. Mtoto akijikuna, nyufa huongezeka na mwasho nao huongezeka. Mwaka 2006 watafiti walibaini kwamba baadhi ya wagonjwa huzaliwa na hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, ambayo husaidia kuubana ukuta huu na kutunza maji yake. Hitilafu hiyo huonekana zaidi kwa watu wa Ulaya na Asia kuliko kwa Waafrika, lakini ukuta wenye nyufa ni uleule kwa wote, na kazi yako kubwa ya kila siku ni kuuziba.

Ndiyo maana nitaanza na beseni kabla ya dawa. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambacho namba ndogo humaanisha asidi zaidi) ikiwa karibu na 5, wakati sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, na ile ya kuua vijidudu huongeza juu yake kemikali nyingine za kuikera ngozi. Iache. Mwogeshe mara 1 kwa siku, kwa maji ya vuguvugu ambayo kiwiko chako hakiyasikii kuwa ya moto wala ya baridi, kwa dakika 5 hadi 10, bila dodoki. Penye uchafu kweli, yaani matakoni na kwenye mikunjo ya shingo, tumia kisafishaji laini kisicho na manukato, au chukua mafuta yaleyale utakayompaka, yayeyushe kwenye viganja pamoja na maji kidogo, uyatumie badala ya sabuni kisha usuuze. Usinunue mafuta maalumu ya kumimina ndani ya beseni. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 482 na kutolewa mwaka 2018 haukuona faida yoyote ya kuyaongeza.

Mtoe majini, umweke juu ya kanga ya zamani iliyolainika kwa kufuliwa, umkaushe kwa kumgusagusa bila kumfuta. Acha ngozi ikiwa bado na unyevu, kiasi kwamba kiganja chako kinateleza kidogo mgongoni. Hapo, ndani ya dakika 3 tangu atoke majini, ndipo mafuta yanapofanya kazi kubwa, kwa sababu yanayafungia ndani maji ambayo ngozi imetoka kuyanywa. Chota mafuta ya mgando kwa kijiko safi, wala si kwa vidole, ili usiingize bakteria ndani ya kopo. Yapashe moto kati ya viganja vyako mpaka yalainike, kisha yatelezeshe kuelekea upande ambao vinyweleo vimelala: kutoka begani kwenda mkononi, kutoka pajani kwenda mguuni. Usisugue kwa kuzungusha, kwani mafuta hujaa kwenye vitundu vya vinyweleo na kuleta vijipu. Ukimaliza, ngozi ing'ae. Ikiwa baada ya dakika 1 inaonekana kama haikupakwa kitu, hukumpaka vya kutosha.

Kuhusu kiasi, nakuomba unielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi tunaowapokea kliniki hukosea, wakabadilisha mafuta mara 5 ilhali kosa halikuwa la mafuta. Mwongozo wa tiba wa Uingereza hutaja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ukurutu. Mwanao bado ni mdogo na mwili wake ni mdogo, lakini kopo la gramu 250 likikukalia mwezi mzima, basi unampaka kidogo mno. Mpake mwili mzima asubuhi na jioni, na mashavu kila yanapokauka, hasa kabla ya kunyonya, ili mate na maziwa visiyachome. Endelea hata siku ambazo ngozi inaonekana nzima, kwa kuwa nyufa zingali pale.

Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi, yanatosha, na bei yake inakuruhusu kuyapaka bila kuhesabu. Hayo yenye harufu nzuri yaache, kwa kuwa manukato ni miongoni mwa vitu vinavyochochea mwasho. Krimu nyeupe iliyoandikwa "aqueous" kwenye kopo nayo simpi mtoto kama huyu, maana nyingi zina kemikali ya sabuni ambayo ikiachwa juu ya ngozi huikera. Mafuta ya nazi safi yasiyotiwa kitu yanaweza kufaa: utafiti wa Ufilipino wa mwaka 2014 uliyaona yakiwasaidia watoto wenye ukurutu. Mafuta ya zeituni, ingawa yanaheshimiwa sana, hudhoofisha ukuta wa ngozi, na nisingeyapaka hapa.

Mafuta ya karanga nayo usiyapake kabisa, na hili linatufikisha kwenye agizo la mama mkwe, ambalo najua amelitoa kwa upendo. Chakula kinachopenya kupitia ngozi yenye nyufa kinaweza kuufundisha mwili kukiona kuwa adui. Kikipitia tumboni kwa wakati wake, mwili hujifunza kukizoea. Utafiti wa London uliotolewa mwaka 2015, uliohusisha watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, ulionyesha kwamba walioanza kula vyakula vya karanga wakiwa wachanga walipata mzio wa karanga kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Wewe kula mayai yako, samaki wako na karanga zako, kwa sababu unanyonyesha na unahitaji lishe, isipokuwa kama umeona zaidi ya mara moja kwamba chakula fulani kinamletea mtoto vivimbe au kutapika muda mfupi baada ya kunyonya. Atakapofikisha miezi 6 na kuanza uji wa lishe, zungumza kwanza na daktari kuhusu namna ya kumwanzishia karanga na mayai, kwa kuwa ukurutu wake umekuwa mkali, na karanga nzima asipewe kamwe kwani zitamkaba.

Sasa tyubu ya jirani. Sijaiona, lakini mwenendo wake unanieleza mengi: kupona kwa siku 3 na kurudi kwa kishindo ni tabia ya steroidi (dawa ya kuzima uvimbe) yenye nguvu. Soma maandishi ya ubavuni. Ukikuta jina la betamethasoni au klobetasoli, mara nyingi likiwa pamoja na dawa ya fangasi na antibayotiki, hiyo si dawa ya shavu la mtoto wa miezi 5. Ngozi yake ni nyembamba, na eneo lake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, hivyo dawa huingia mwilini kwa wingi. Ikitumika muda mrefu hukondesha ngozi, huibadilisha rangi na inaweza hata kuzuia ukuaji. Usimpake tena.

Lakini pia sitaki utoke hapa ukiogopa steroidi zote, kwa sababu hofu hiyo huwaacha watoto wakiteseka bure. Uvimbe uliokwisha kuwaka hauzimwi na mafuta peke yake. Kwa umri wake, dawa inayofaa usoni ni haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi isiyo kali, iliyoandikwa na mtoa huduma aliyemwona mtoto, kwa kawaida kwa siku chache zisizozidi 7. Kipimo chake ni rahisi: kamua dawa juu ya kidole chako cha shahada kuanzia nchani mpaka kwenye mkunjo wa kwanza, ambayo ni karibu nusu gramu. Kiasi hicho kimoja kinatosha uso na shingo ya mtoto wa umri huu, na kingine mkono mmoja mzima. Ipake pale palipovimba tu, subiri dakika 15 hivi, kisha upake mafuta ya mgando. Dawa za mzio za kunywa zinazoleta usingizi usimpe. Hazizimi mwasho wa namna hii, na kwa mtoto mdogo kiasi hiki zinaweza kuleta madhara.

Majimaji yanayolowesha nguo yako ndiyo yanayonifanya nisiridhike na ushauri wa maandishi. Yakikauka yakawa ukoko wa rangi ya asali, bakteria wameingia, na mtoto anahitaji antibayotiki. Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Na ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yaliyosongamana, yanayoacha vidonda vya duara kama vimetobolewa kwa msumari, pamoja na homa au kukataa kunyonya, usisubiri kuche: hivyo ni virusi vya herpesi, vinavyoweza kuwa hatari kwa mtoto wa ukurutu. Kwa sababu hiyohiyo, mtu mwenye vidonda vya homa mdomoni, ambavyo huletwa na virusi hivyohivyo, asimbusu, hata akiwa bibi.

Kuhusu baridi ya kwenu, sweta la sufu lisigusane na ngozi yake. Mvalishe kwanza pamba, na upunguze nguo akianza kutoa jasho, kwani joto huamsha mwasho sawa na ukavu. Nguo zake zisuuzwe mara 2 ili sabuni ya unga iishe. Kata kucha zake kila baada ya siku chache. Jiko la mkaa lisiingie chumbani anamolala: hewa yake huua bila harufu, na kitambaa kilicholowa mafuta ya mgando hushika moto haraka sana.

Umeuliza kama ugonjwa utaisha. Kwa watoto wengi hupungua sana kadiri wanavyokua, na wengi wao wanapoanza shule huwa na ngozi tulivu, ingawa huwa na vipindi vya kurudi, hasa wakati wa baridi au wanapougua. Mabaka meupe au meusi yatakayobaki mashavuni si makovu wala si fangasi; rangi itarudi yenyewe, lakini kwa miezi, si kwa wiki. Unapokwenda kituoni, beba kwenye mfuko kila kopo, kila sabuni na kila tyubu iliyowahi kugusa ngozi yake, pamoja na ile ya jirani, umwekee mtoa huduma mezani.