Kugundua asteroidi ukiwa Lang'ata

Ndugu yangu, nimekuelewa: una darubini ya inchi 8 na kamera juu ya paa lako Lang'ata, Nairobi, nawe unauliza kama unaweza kugundua asteroidi mpya, yaani mwamba mdogo unaozunguka Jua, kutoka hapo.

Kugundua mpya kutoka hapo ni vigumu mno, kwa sababu taa za jiji huficha vitu hafifu na miradi mikubwa kama Pan-STARRS ya Hawaii hupekua anga usiku baada ya usiku. Kupima mahali zilipo asteroidi zinazojulikana, hata hivyo, ni kazi yenye thamani halisi, na binafsi ningeanzia hapo. Piga picha za sehemu ileile ya anga mara tatu au zaidi, ukiacha dakika 15 hivi kati yake, kisha uzilinganishe kwa programu ya Astrometrica: nyota zitabaki mahali pake, asteroidi itasogea. Saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, kwani kosa la sekunde chache huharibu vipimo vya vitu viendavyo kasi. Ukishapata vipimo vizuri vya usiku usiopungua 2, vitume Minor Planet Center nchini Marekani, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi duniani, uombe namba ya kutambulisha kituo chako.

Ukitamani ugunduzi wenyewe, jiunge na IASC, mpango wa kimataifa wa kusaka asteroidi, ambao hugawa picha za darubini kubwa bila malipo. Vilevile, kabla ya kufunga nyaya na nguzo za chuma juu ya paa, mwite fundi wa umeme mwenye leseni aweke kinga ya radi.